Mrejesho: ile siku ya Rungwe na washkaji
Wakuu, niliwaomba ushauri wa kutoka siku moja na washkaji tukitokea Mbeya mjini, msosi wa kienyeji na mandhari, basi tumeenda Rungwe na aisee asanteni sana. Asubuhi Ziwa Ngosi, njia ya msituni inapanda kwelikweli na tope linateleza, ila ukifika juu ukaliona ziwa la kijani liko chini kabisa ndani ya kreta unasahau miguu. Daraja la Mungu tulipita fasta, ule mwamba juu ya mto Kiwira, picha tukasepa. Sasa Tukuyu mama mmoja akatupakulia mbalaga, zile ndizi za kupika za Kinyakyusa, na nyama, ndizi zinameguka zenyewe, mchuzi mzito, pembeni parachichi, tukaongeza tena! Mkienda wahini mapema, mchana mvua ile haina taarifa.