Waya za meno: jino la binti yangu linacheza, nifanyeje?

NyarKano
Habari za jioni wadau. Niko Kisumu, upande wa Nyamasaria. Binti yangu ana miaka 14, Jumatatu alifungwa waya za meno. Usiku ule hakulala. Leo siku ya tatu nimemwambia aachame, nikagusa jino la mbele kwa ncha ya kidole, likacheza. Ni kidogo sana, lakini nimelihisi. Ugali anaumega tembe ndogo ndogo na kuzimeza bila kutafuna. Shemeji anasema nimwombe daktari akaze zaidi ili tumalize haraka, maana malipo ya kila mwezi yananilemea. Mama mkwe anataka zitolewe kabla mtoto hajawa kibogoyo. Nimsikilize nani?

Mswaki_Kila_Siku
Pole sana dada. Kazi yangu ni ya afya ya kinywa, na kwa heshima zote kwa mama, usizitoe. Usikubali kukaza pia.

Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando wa nyuzi, unene wake kama milimita 0.2, wenye damu na mishipa ya fahamu. Waya ikisukuma jino, upande mmoja utando hubanwa, upande wa pili huvutwa. Palipobanwa huja seli za kula mfupa. Palipovutwa, nyingine hujenga mfupa mpya. Kwa hiyo jino huhama pamoja na tundu lake, na kazi hiyo ikiendelea utando hupanuka. Ndiyo maana limecheza. Maumivu kwa kawaida huwa makali kesho yake, kisha hupungua ndani ya wiki.

Sasa hilo la kukaza. Nguvu ikizidi, mishipa ya damu ndani ya utando hufinywa na seli za pale hufa. Zile seli za kula mfupa hazina pa kupitia, inabidi zichimbe kutokea nyuma, ndani ya mfupa. Jino hukwama wiki moja, mbili au zaidi, na ncha ya mzizi yaweza kuliwa. Schwarz, daktari wa kupanga meno, alishaandika mwaka 1932 kwamba nguvu isizidi msukumo wa damu kwenye mishipa midogo kabisa. Mwendo wa kawaida ni kama milimita 1 kwa mwezi. Anayelazimisha zaidi ya hapo anachelewesha, na anamuumiza mtoto bure.

Kwa maumivu, mpe paracetamol kwa kipimo cha umri wake. Wengi wetu tunaitanguliza kabla ya ibuprofen, kwa kuwa ibuprofen hupunguza kemikali zinazoita seli za kula mfupa.

Mama_Njoro
Mimi nilifungwa nikiwa na miaka 33, huku Nakuru. Maji ya visima vyetu yana floraidi nyingi, meno yangu ni ya kahawia, na gundi ilibanduka mara mbili. Hilo lilirekebishwa. Kosa langu lilikuwa baada ya waya kutolewa: niliacha mapema kuvaa kishikizo cha usiku, kile kifaa cha kuzuia meno yasirudi yalikotoka, na chonge likageuka tena. Daktari alinieleza kwamba nyuzi za ufizi zinaweza kuendelea kulivuta jino hadi mwaka mzima. Mwambie binti mapema.

JaSeme
Babu yangu aling'olewa meno sita ya chini ujanani, kama ilivyokuwa desturi ya Waluo. Taya lake pale mbele lilikonda likawa kama ukingo wa sahani. Mfupa ule huwepo kwa ajili ya jino. Jino likiondoka, nao huisha. Likisogezwa polepole, nao hulifuata.

Mswaki_Kila_Siku
Kweli kabisa. Dada, usingoje miadi ukiona usaha, uvimbe, au jino moja likizidi kulegea kuliko mengine. Na apige mswaki vizuri kuzunguka waya: ufizi wenye uchafu na uvimbe ukisukumwa, mfupa hupotea badala ya kujengwa upya.

NyarKano
Asanteni sana. Leo amekunywa uji, na nimemtolea samaki miiba akala kidogo. Nimemsomea mama mkwe maneno ya JaSeme. Amenyamaza, akapitisha ulimi pale mbele chini. Naye aling'olewa yale sita.