MREJESHO: Ule mvumo wa gurudumu la mbele kwenye Hilux

Wakuu, wiki tatu zilizopita niliuliza kuhusu Hilux yangu ya zamani, four wheel, inayovuma "vuuuu" nikifika spidi ya 60 kati ya Tengeru na Usa River, huku Arusha. Wengi mlisema matairi. Mmoja tu alisema beringi, vile vyuma vinavyofanya gurudumu lizunguke laini: nikikata kulia sauti ikizidi, basi ni ya kushoto, maana uzito unahamia huko. Mkuu, nakudai soda, au wewe ndio unanidai.

Nilipiga jeki, nikashika tairi juu na chini, nikatikisa. Linacheza kabisa. Nikaenda kwa fundi mtaa wa Unga Limited, Arusha mjini. Kufungua, grisi imekuwa kama uji wa maziwa. Sili ya nyuma, ile ya kuzuia maji yasiingie, ilichanika, maji ya makorongo ya Ngarenanyuki yakaingia. Beringi ya ndani imebadilika rangi, bluu, na kile kikombe chake, yaani pete ya nje, kimezunguka ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) mpaka kimeila. Ukiweka kipya kinaingia kwa kidole! Kijana mmoja akashauri tugonge vidoti ndani ya habu kwa sentapanchi, kile chuma chenye ncha, ili kikaze. Nikakataa. Nimenunua habu ya mtumba, beringi mbili mpya na sili.

Fundi alijaza grisi kwa kiganja, akakaza nati huku anazungusha habu, akailegeza, kisha akaikaza tena kidogo tu. Nilidhani inakazwa mpaka mwisho, kumbe hapo ndipo beringi zinapoungua.

Jana nimeenda Moshi na kurudi. Kimya. Sasa nasikia dashibodi inavyogonga.