Tupeane uzoefu: maji ya kupuliza usoni yalikusaidia au yalikukausha?

Wapendwa, habari zenu. Naanza mimi.

Nimezaliwa Tanga na kukulia hukohuko, na uso wangu haukuwahi kunisumbua zaidi ya chunusi za ujana. Mwaka jana mwezi wa saba nikahamishiwa Dodoma kikazi. Wiki ya tatu tu ngozi ikaanza kuvuta, nikicheka nahisi mashavu yamewambwa kama ngoma. Nje upepo mkavu, ndani kiyoyozi kutwa nzima. Dada wa meza ya jirani akanishauri nitafute maji ya kupuliza usoni, yale ya kichupa cha spreyi. Nikanunua cha elfu ishirini na nane.

Nikawa napuliza kila saa. Dakika mbili za kwanza raha tupu, uso umepoa. Baada ya dakika kumi uso mkavu kuliko mwanzo, basi napuliza tena. Mwezi haujaisha, pembeni mwa pua ngozi ikawa inabanduka vipande vyeupe vyembamba, poda ikipita inavishika vyote vinaonekana.

Siku hiyo ndipo nilipogeuza kichupa nyuma kusoma. Cha kwanza Aqua, yaani maji. Cha pili Alcohol denat., yaani spiriti. Glycerin, ile ya kushika maji kwenye ngozi, ilikuwa kule chini, karibu na Parfum, yaani manukato. Viambato huandikwa kwa kuanza na kilicho kingi, kwa hiyo nilikuwa najipulizia maji na spiriti, tena mara nane kwa siku! Hata maji matupu yakikauka usoni bila kufunikwa, ngozi inaweza kubaki kavu kuliko ilivyokuwa.

Sasa natumia ambayo kwenye lebo glycerin inafuata mara tu baada ya maji, haina spiriti wala manukato. Nanawa, napuliza, na kabla uso haujakauka nagandamiza mafuta ya mgando kidogo juu. Wiki mbili tu magamba yakaisha. Haya, wengine leteni yenu.

Mzaliwa wa Unguja, naishi Muscat
Umenikumbusha bibi yangu. Kwetu marashi ya mawaridi hutiwa kwenye mrashi, wageni wakanyunyiziwa harusini na kwenye maulidi. Yaliyobaki bibi alikuwa akijipangusia uso usiku, halafu anapaka mafuta ya nazi juu yake. Hakuwahi kupaka marashi peke yake.

Huku Oman mawaridi yanalimwa milimani, Jabal Akhdar, na msimu wa kuchuma ni kuanzia mwishoni mwa Machi mpaka Mei. Nimekwenda kuona wanavyotengeneza kwa njia ya zamani: maua yanatiwa chunguni juu ya moto, mvuke unapanda, unagonga chombo cha maji baridi kilichowekwa juu, unadondoka kwenye bakuli ndani. Yanayotoka hivyo yana harufu ya moshi kidogo. Mwanzoni nilidhani yameungua, kumbe ndivyo yalivyo.

Ya dukani someni lebo. Ya kweli huandikwa Rosa damascena flower water. Ukikuta Aqua, Parfum na rangi, hayo ni maji yaliyotiwa harufu. Nguoni sawa, usoni mimi siyatii.

Mama wa Mombasa
Langu ni la onyo. Nilichanganya maji ya waridi na ndimu, nimesikia ndimu hung'arisha. Jumapili nikajipulizia vizuri, uso na shingo, tukashuka pwani na watoto. Jumanne shingo inawaka, nyekundu. Ilipopoa ikaacha michirizi ya kahawia, imeteremka vile vile matone yalivyoteremka, mpaka kifuani. Daktari aliniuliza swali moja tu: umeshika ndimu? Akanieleza kuwa maji ya ndimu yakikutana na jua kali juu ya ngozi huunguza. Ile michirizi nilikaa nayo miezi mitatu nikijifunga mtandio. Tafadhalini, ndimu iwe ya samaki.

Mwanachuo, Mbeya
Naomba kuuliza, glisirini ya kawaida ya duka la dawa inafaa? Ngozi yangu ni ya mafuta.

Muuza duka la dawa
Inafaa, mdogo wangu. Glisirini si mafuta, kazi yake ni kuvuta maji na kuyashika. Ila usiipake yenyewe tupu. Kwenye hewa kavu inakosa maji ya kuvuta nje, inayavuta kutoka ndani ya ngozi yako. Kijiko kimoja cha chai kwenye kichupa cha mililita 100 cha maji ya waridi kinatosha. Ukizidisha uso unanata na vumbi lote la barabarani unabeba wewe.

Wateja wengi wanaulizia asidi ya hailuroniki, kwenye lebo mara nyingi ni Sodium hyaluronate. Nayo inashika maji kama glisirini, bei tu ndiyo imepanda. Kama ngozi inawasha, tafuta yenye Panthenol au Allantoin, zinatuliza. Na wanaokimbia Phenoxyethanol wakiiona, hiyo ni ya kuzuia vijidudu. Kitu chenye maji kikikosa kihifadhi kinaoza. Ukichanganya nyumbani, weka kwenye friji na umwage baada ya wiki moja.

Mkazi wa Morogoro
Nathibitisha hilo la kuoza. Nilisaga alovera ya uani nikaijaza kichupani. Siku ya nne kuna nyuzi zinaelea na harufu ya maji ya maua yaliyolala. Tena sikuwa nimechuja ule utomvu wa njano wa chini ya ganda, ule mchungu ambao mama zetu hupaka kwenye titi kumwachisha mtoto. Uliniwasha kidevu chote. Sasa nikikata jani nalisimamisha kwanza, utomvu uchuruzike, halafu naosha.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Leo nimemwonyesha yule dada wa meza ya jirani mazungumzo haya. Ametoa kichupa chake kwenye pochi, kumbe ni kama kile changu cha kwanza. Amekisoma nyuma, kimya, halafu akaniuliza mafuta ya mgando napaka kiasi gani. Nikamwekea mkononi: punje ya mchele kwa shavu moja.