Ilikuwaje Pol Pot akatawala Kamboja bila hata kaka yake kujua?

Mwanagenzi

Ndugu wanajamvi, naomba msaada wa wale waliosoma historia ya Kamboja kunizidi. Kuna jambo moja katika maisha ya Pol Pot ambalo limenikaa kichwani kwa majuma kadhaa sasa. Kaka yake mkubwa, Loth Suong, ndiye aliyemlea mjini Phnom Penh alipokuwa mtoto. Khmer Rouge, waasi wa kikomunisti wa Pol Pot, walipoutwaa mji tarehe 17 Aprili 1975 na kuwatoa wakazi wake wote, Suong na mkewe walifukuzwa pamoja na wengine, wakaenda kwa miguu hadi mkoa wa kwao wa Kompong Thom, wakalimishwa mpunga kama kila mtu. Mwaka 1978 ilibandikwa picha ya kiongozi wa nchi katika bwalo walilokuwa wakilia chakula cha pamoja. Suong akainua macho, akamwona mdogo wake, Saloth Sar, ambaye ndiye Pol Pot. Miaka mitatu alikuwa akitumikishwa na serikali ya nduguye bila kujua.

Madikteta niliowazoea hujaza sura zao kwenye sarafu, kwenye kuta na kwenye vitabu vya shule kabla hata kiti hakijapata joto. Huyu alijificha. Naomba kuelewa mambo mawili: je, usiri wake ulikuwa tabia tu, au ulikuwa mbinu? Na iliwezekanaje mtu aliyefeli masomo kila alipopelekwa awapite wenzake waliokuwa na elimu na majina makubwa kuliko yeye?

Mkutubi

Mleta mada, nianze kwa kuondoa dhana moja iliyoenea. Wengi hudhani Saloth Sar alikuwa mtoto wa kabwela aliyetoka matopeni na hasira zake, na yeye mwenyewe baadaye alipenda ieleweke hivyo. Alizaliwa mwaka 1925 katika kijiji cha Prek Sbauv, kando ya mto Sen, na baba yake alikuwa na mashamba ya mpunga na mifugo kuwazidi majirani wengi. Zaidi ya hayo, familia ilikuwa na mlango wa kuingilia ikulu: binamu yake, Meak, alikuwa mchezaji wa ngoma za kifalme na suria wa mfalme Monivong, dada yake naye akawa miongoni mwa masuria wa mfalme huyo huyo, na huyo Suong uliyemtaja alikuwa karani ikuluni. Mtoto akapelekwa kwanza kwa watawa wa Kibudha, kisha shule ya Kikatoliki ya Wafaransa. Kwa hiyo mtu aliyekuja kuwavua watawa majoho yao na kuwafanya waliojua Kifaransa waogope kulitamka hata neno moja la lugha hiyo alilelewa na watawa, mapadri na ikulu.

Masomo, kama ulivyosema, hayakumkalia. Alijifunza useremala katika shule ya ufundi, akapata ufadhili wa kwenda Paris mwaka 1949 kusomea ufundi wa redio, akafeli mitihani hadi ufadhili ukakatwa, akarudi nyumbani Januari 1953 bila cheti chochote. Alichorudi nacho ni uzoefu wa kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa, na nadhani tabia uliyoiulizia inaonekana tayari huko: mwaka 1952 aliandika makala ya kuushambulia ufalme katika jarida la wanafunzi, akaitia saini kwa jina la kupanga, "Khmer Asilia". Hilo ni andiko lake la kwanza la kisiasa tunalolifahamu, nalo halina jina lake.

Baada ya hapo aliishi maisha mawili mjini Phnom Penh. Mchana alikuwa mwalimu wa historia, jiografia na fasihi ya Kifaransa katika shule ya binafsi ya Chamraon Vichea, na waliosoma kwake walimkumbuka kuwa mpole, mwenye sauti laini, msafi wa mavazi, anayeweza kuyasoma mashairi ya Kifaransa bila kutazama kitabu. Usiku alikuwa mratibu wa chama cha siri cha kikomunisti. Sasa walinganishe wale waliomzidi. Khieu Samphan na Hou Yuon walirudi kutoka Ufaransa na shahada za uzamivu, wakaingia bungeni, wakapewa hata nyadhifa serikalini na Sihanouk, mfalme wa zamani aliyekuwa mkuu wa nchi, magazeti yakawaandika. Kila polisi aliwajua. Sar hakuwa na cha kuandikwa. Mwaka 1960 wajumbe 21 walipokutana kwa siri katika eneo la stesheni ya treni ya Phnom Penh, alishika nafasi ya tatu. Katibu wa chama, Tou Samouth, alipotoweka mwaka 1962, na wengi huamini kwamba aliuawa na vyombo vya Sihanouk, Sar ndiye aliyekaimu, na mwezi Februari 1963 akathibitishwa. Muda mfupi baadaye jina lake likaonekana kwenye orodha ya watu 34 wa mrengo wa kushoto iliyotolewa na Sihanouk, naye akakimbilia msituni. Hakuonekana tena hadharani kwa jina hilo.

Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Hakuwapita wenzake kwa akili wala kwa ufasaha. Aliwapita kwa sababu wao walionekana na yeye hakuonekana, na katika nchi ambayo kuonekana kulimaanisha kukamatwa, huo ulikuwa mtaji mkubwa kuliko shahada.

Tarishi

Nakubaliana na Ndugu Mkutubi kuhusu maisha yake, lakini methali yake inamsifu simba kupita kiasi. Simba huyo asingekula nyama kama wengine hawakumwangushia mnyama. Mwaka 1967 wakulima wa Samlaut, mkoani Battambang, waliasi kwa sababu ya ununuzi wa mpunga kwa nguvu, na hata baada ya hapo waasi walikuwa kikundi kidogo, chenye njaa, kinachohamahama porini. Kama mambo yangebaki hivyo, leo tusingekuwa na uzi huu.

Kilichobadilisha kila kitu ni tarehe 18 Machi 1970, waziri mkuu Lon Nol alipompindua Sihanouk akiwa safarini nje ya nchi. Siku chache baadaye Sihanouk, akiwa Beijing, aliwaita wananchi wake waingie msituni kupigana. Hebu fikirieni mkulima wa Kamboja wa wakati ule, ambaye kwake Sihanouk ni nusu mungu: anasikia sauti hiyo redioni, anabeba panga lake, anakwenda kujiunga na jeshi la mfalme, na hajui hata kidogo kwamba anaingia mikononi mwa chama cha kikomunisti ambacho mfalme huyo alikiwinda miaka saba iliyotangulia. Ongeza mabomu ya Marekani, ambayo katika mwaka 1973 peke yake, kabla hayajasitishwa tarehe 15 Agosti, yalifikia takriban tani 250,000. Vijiji vikateketea, na vijana wasio na pa kurudi wakawapata makamanda wanaowaambia ni nani wa kuchukiwa.

Kwa hiyo usiri wake ulimfaa kwa sababu alipata jina la mtu mwingine la kujifunika. Sihanouk alipoyatembelea maeneo ya waasi mwezi Machi 1973, aliyempokea kama mwenyeji na kiongozi alikuwa Khieu Samphan. Picha za ziara hiyo zipo. Saloth Sar yumo, kando, akitabasamu, kama ofisa wa kawaida aliyekuja kusaidia mapokezi.

Mkutubi

Ndugu Tarishi, hoja nimeipokea, na picha hiyo ya 1973 inatosha kunyamazisha nusu ya niliyoyaandika. Niongeze tu kwamba hata ushindi wenyewe hakuutangaza. Aliingia Phnom Penh siku tatu baada ya mji huo kuanguka, mji ukiwa tayari unamwagwa barabarani watu wapatao milioni 2, na makao yao ya kwanza ya muda yalikuwa pale pale stesheni ya treni. Hakuna gwaride lililomsubiri.

Mama Nuru

Wanangu, mmeeleza vizuri alivyopanda, lakini swali la kwanza la mleta mada, la tabia au mbinu, bado linaning'inia. Mimi naona jibu lake liko katika namna nchi ilivyoendeshwa baada ya ushindi.

Hakukuwa na "serikali" machoni pa mwanakijiji, wala "chama". Kulikuwa na Angkar, neno lenye maana ya "shirika" tu. Angkar imeamua muhame. Angkar inamwita baba yako kwenda kusoma, na baba harudi. Kulikuwa na msemo walioutumia makada: Angkar ina macho kama nanasi, yaani inatazama pande zote kwa wakati mmoja. Sasa kitu chenye macho mengi namna hiyo na kisicho na uso utakilalamikia wapi? Ukimjua mfalme, utamlaani hata kimoyomoyo. Ukimjua waziri, utatafuta mjomba anayefahamiana naye ili umwombee mwanao. Angkar haikuwa na mjomba. Ndiyo maana Suong, aliyekuwa na damu moja na mtawala, alilima mpunga kama wengine, na ndugu yao mwingine, Chhay, mwandishi wa habari, akafa katika ule uhamishaji wa 1975. Nauita huo mbinu, hata kama ulianza kama tabia.

Mwezi Aprili 1976 redio ilipotangaza kwamba waziri mkuu ni Pol Pot, mwakilishi wa wafanyakazi wa mashamba ya mpira, wachambuzi wa nje walibaki wakiulizana ni nani huyo, kwa kuwa hakuna mfanyakazi wa mpira aliyewahi kusikika kwa jina hilo. Ndani ya chama aliitwa Kaka Namba Moja, au kwa tarakimu tu. Na kuwepo kwa chama chenyewe hakukutangazwa rasmi hadi mwisho wa Septemba 1977, katika hotuba iliyochukua takriban saa tano. Wananchi walikuwa wametawaliwa kwa zaidi ya miaka miwili na chama ambacho hakijajitambulisha!

Usiri huo, hata hivyo, uliwala wenyewe. Mtu aliyefika juu kwa kujificha anajua vizuri kuliko wote kwamba mtu anaweza kukaa miaka mingi karibu na wenzake akiwa na uso usio wake. Kila mpunga ulipopungua, hakuwaza kwamba mpango wa kutaka tani 3 kwa hekta ulikuwa ndoto; aliwaza kwamba kuna mtu anayejifanya mwenzetu. Hu Nim, waziri wa habari, alikamatwa 1977. So Phim, kiongozi wa Kanda ya Mashariki, alijiua katikati ya 1978 askari wakimfuata. Katika gereza la S-21, lililokuwa shule ya sekondari, walipitishwa watu zaidi ya 12,000, wengi wao makada wa chama hicho hicho, wakateswa hadi wakaungama kuwa majasusi wa CIA au wa Vietnam, na mara nyingine wa vyote viwili. Na huko vijijini waliokufa kwa njaa, maradhi, kazi na kuuawa wanakadiriwa kati ya milioni 1.5 na milioni 2, katika nchi iliyokuwa na watu wasiofika milioni 8.

Mwanagenzi

Nawashukuru sana. Mama Nuru, maelezo yako kuhusu Angkar kutokuwa na mjomba yamenifungua macho. Lakini sasa kumezaliwa swali jingine. Ikiwa kukosa uso ndiko kulikompa nguvu, kwa nini basi mwaka 1978 picha yake ikabandikwa kwenye bwalo, hata Suong akaiona?

Mama Nuru

Mwanangu, alihitaji kuonekana kwa sababu vita na Vietnam vilikuwa vimeanza, na vita huwataka watu wapiganie kitu wanachoweza kukitaja jina. Zaidi ya hapo, China, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimpa silaha, ilimpokea Beijing mwishoni mwa Septemba 1977 kama kiongozi wa chama ndugu, na haikuwezekana apokewe hivyo ugenini huku nyumbani hajulikani. Mwezi Machi 1978 aliwapokea hata waandishi wa habari kutoka Yugoslavia, akawaambia kwamba ni mtoto wa wakulima. Habari za ikulu hakuzigusa.

Mkutubi

Nami niongezee kipande kimoja. Mapema 1978 aliletwa S-21 mchoraji wa mabango ya sinema aitwaye Vann Nath. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wa kuuawa, lakini mkuu wa gereza, Duch, alitaka mtu wa kuchora, kwa hiyo likaachwa. Alipewa picha ya kupigwa kwa kamera na kuamriwa aichore upya kwa ukubwa, siku baada ya siku, na alijua kwamba mchoro usipopendeza atarudishwa kwa wenzake waliofungwa minyororo. Kazi hiyo ya kuutengeneza uso wa kiongozi ilifanyika ndani ya gereza la siri kuliko yote, kwa mikono ya watu waliokwisha kuhukumiwa kufa. Palikuwa na wachongaji pia, waliotengeneza vichwa vyake vya saruji kwa kalibu.

Majeshi ya Vietnam yaliingia Phnom Penh tarehe 7 Januari 1979, na Pol Pot akakimbilia mpakani mwa Thailand, ambako aliishi porini hadi alipofariki tarehe 15 Aprili 1998. Vichwa vile vilikutwa gerezani, bado havijapelekwa popote.