Mapumziko ya afya mlimani Kilimanjaro: tiba ya Watibeti ina nafasi gani?

Mwenye Nyumba wa Marangu anauliza:

Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Ninaendesha nyumba ndogo ya wageni huku Marangu, mahali ambapo migomba na kahawa vinakaribia kukutana na msitu wa hifadhi. Kwa muda mrefu wageni wangu walikuwa wapanda mlima wanaolala usiku mmoja kabla ya safari na usiku mmoja baada ya kushuka. Siku hizi ninapokea pia watu wa aina nyingine, wengi wao Watanzania wenzetu kutoka Dar es Salaam na Arusha, ambao hawana haja ya kufika kileleni. Wamechoka. Wanachotafuta ni ukimya, usingizi, hewa safi na mtu wa kuwaongoza katika kutuliza akili.

Mgeni mmoja aliyewahi kukaa katika kituo cha mapumziko kaskazini mwa India amenishauri niandae kambi ya siku saba itakayounganisha matembezi ya msituni, tafakuri na tiba ya jadi ya Watibeti, na amejitolea kunitafutia mtaalamu. Wazo hilo limenigusa kwa dhati, lakini sitaki kuwauzia watu jina tu. Naomba wenye ujuzi wanieleze tiba hiyo ni nini hasa, sehemu gani yake inaweza kufanyika hapa kwa uaminifu, na ni hatari gani nizifikirie mapema. Jambo la imani nalo linanihusu: mimi ni Mlutheri, wageni wangu ni wa dini zote, na sipendi mtu ajikute ndani ya ibada ambayo hakuiomba.

Msomaji wa Njiro, Arusha:

Dada wa Marangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kutangaza. Nilisoma India, na katika miaka ile nilikuwa na mazoea ya kwenda Dharamsala, mji ulio chini ya milima ya Dhauladhar ambako wanaishi Watibeti wengi waliokimbia nchi yao.

Tiba yao inaitwa Sowa Rigpa. Kitabu chake kikuu ni Gyüshi, yaani Tantra Nne (tantra ni maandiko ya mafundisho), chenye sura 156, ambacho mapokeo yanakihusisha na tabibu Yuthok Yonten Gonpo wa karne ya 12. Hii ni elimu iliyoandikwa, yenye vyuo na mitihani. Chuo cha Chagpori kilianzishwa juu ya kilima mjini Lhasa, mji mkuu wa Tibet, mwaka 1696 na kikabomolewa mwaka 1959. Taasisi ya Men-Tsee-Khang, iliyoanzishwa Lhasa mwaka 1916 katika enzi ya Dalai Lama (kiongozi wa kidini wa Watibeti) wa 13, iliundwa upya Dharamsala mwaka 1961 na Dalai Lama wa 14. Serikali ya India iliitambua tiba hii rasmi mwaka 2010. Nayataja haya kwa sababu tabibu wake, anayeitwa amchi, husoma kwa miaka isiyopungua mitano. Mtu aliyehudhuria kozi fupi ya kukanda mwili hawezi kuwa amchi, na swali lako la kwanza kwa huyo mtaalamu utakayetafutiwa liwe ni wapi alisoma na nani alimpa ruhusa ya kutibu.

Msingi wa elimu hiyo ni nguvu tatu za mwili: lung, ambayo ni upepo; tripa, ambayo ni nyongo; na beken, ambayo ni ute. Afya ni pale zinapokaa kwa uwiano. Kila moja inahusishwa na sumu ya moyo: upepo huvurugwa na tamaa, nyongo na chuki, ute na ujinga wa kutoona mambo yalivyo. Hapo ndipo tafakuri inapoungana na dawa, kwa maana kwa Watibeti kutuliza akili ni kushughulikia chanzo chenyewe cha maradhi. Amchi hupima kwa kutazama ulimi na mkojo wa asubuhi, ambao huukoroga kwa kijiti ili aone rangi na mapovu. Kisha hushika mapigo ya mikono yote miwili kwa vidole vitatu, na huuliza maswali mengi.

La muhimu zaidi kwako ni mpangilio wa matibabu. Huanza na chakula, hufuata mwenendo wa maisha, kisha dawa, na mwisho tiba za nje kama kukanda kwa mafuta. Mtu ambaye upepo wake umevurugika, yaani anayekosa usingizi, mwenye wasiwasi na mawazo yanayokimbia, huambiwa ale chakula cha moto chenye lishe na mafuta, anywe supu ya mifupa, asikae na njaa, apunguze kahawa na chai kali, akae mahali penye joto pamoja na watu anaowapenda. Unaona kwamba hatua mbili za kwanza hazihitaji kidonge chochote, na jiko lako linaweza kuzitekeleza. Kahawa ya Kilimanjaro italazimika kusubiri saa za asubuhi, na kwa kiasi. Najua ni jambo gumu kusema Marangu!

Muuguzi, Moshi Mjini:

Nashukuru kwa maelezo ya aliyetangulia. Mimi nitazungumzia usalama, kwa kuwa wanaokwenda kwenye kambi za namna hii mara nyingi ni watu wenye maradhi wanayoyaficha.

Kwanza ni dawa. Katika tiba ya Kitibeti kuna vidonge viitwavyo rinchen rilbu, yaani vidonge vya thamani, na baadhi yake hutengenezwa kwa zebaki iliyopitishwa katika mchakato mrefu wa usafishaji. Zao lake huitwa tsotel. Wenyewe huamini kwamba mchakato huo huondoa sumu. Shirika la Afya Duniani linaihesabu zebaki miongoni mwa kemikali kumi zinazotia wasiwasi mkubwa kwa afya ya jamii, na mimi siwezi kumshauri mjamzito, mtoto wala mgonjwa wa figo avimeze kwa imani tu. Kambi yako isitoe vidonge kabisa. Kumbuka pia kwamba nchini kwetu kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na anayetibu kwa njia hizo anapaswa kusajiliwa na Baraza lake. Akiwa mgeni wa nchi, atahitaji na kibali cha kazi.

Pili ni mwinuko. Kuanzia mita 2,500 hivi mtu anaweza kupata ugonjwa wa mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi kupotea. Mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, yuko katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa upungufu wa oksijeni unaweza kumletea maumivu makali, na jambo hili ni zito kwetu kwa sababu ndugu zetu wengi wana ugonjwa huo. Shinikizo la damu nalo linaweza kupanda. Nyumba yako iko chini ya mwinuko huo, kwa hiyo walale hapo, na atakayetaka kupanda zaidi ajibu maswali ya afya kwanza.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma, pasiwe na neno lolote la kumfanya mtu aache dawa za hospitali. Sisi wa mikoa hii tunaukumbuka mwaka 2011, foleni za magari kuelekea Samunge, Loliondo, na kikombe cha dawa ya miti cha shilingi 500 kilichosemwa kuponya kila ugonjwa. Wapo waliokwenda wakiwa na Virusi vya Ukimwi, kisukari na kifua kikuu, wakaweka dawa zao kando. Sitaki kuwalaumu waliokuwa na maumivu na matumaini, lakini mwenye nyumba ya wageni ana wajibu wa kumwambia mgeni waziwazi: dawa zako utazimeza hapa kama unavyozimeza nyumbani.

Kuhusu tafakuri yenyewe nina maneno ya kutia moyo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2014, uliojumlisha majaribio 47 na watu 3,515, ulionyesha kwamba mafunzo ya kutafakari hupunguza kwa kiasi wasiwasi, huzuni na maumivu. Haukuonyesha kwamba yanazidi dawa au mazoezi ya mwili. Hilo linatosha kuyaheshimu. Ila kwa mtu aliyepitia msiba mzito au ukatili, kukaa kimya kwa saa nyingi kunaweza kufumua mambo ambayo hawezi kuyabeba peke yake, na hivyo vipindi viwe vifupi, na pawepo mtu wa kuzungumza naye.

Mzee wa Kibosho:

Wanangu, nimesoma yote kwa makini. Mimi nauliza jambo moja: kwa nini twende hadi Tibet kutafuta utulivu, na mlima uko hapa? Wazee wetu waliugeukia Kibo walipoomba, na jani la isale lilitosha kuwapatanisha waliogombana. Mama aliyejifungua alipewa mtori, akapewa joto, akapumzishwa na wanawake wa ukoo. Sisi Wakatoliki tuna mafungo, ndugu zetu Waislamu wana itikafu. Kukaa kimya mbele ya Mungu si jambo geni hapa. Sipingi elimu ya watu wengine, nayo naona ina heshima yake, ila naogopa kwamba mgeni kutoka Dar es Salaam atarudi na jina la dawa ya Kitibeti asilolielewa, asijue hata jina la mti aliokaa chini yake.

Juu ya imani, mwanangu wa Marangu, mweleze mgeni mapema. Kukaa wima na kufuatilia pumzi zako hakumtaki mtu abadili dini. Kuimba mantra, yaani maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa, za Buddha wa Tiba ni ibada, na hilo liachwe kwa Wabuddha wenyewe.

Msomaji wa Njiro, Arusha:

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe juu ya mantra, na juu ya jina la mti nakubaliana zaidi. Ninapotofautiana nawe ni hapa: elimu ya Watibeti ilikua kwa kupokea, kwani ndani ya Gyüshi mna mambo kutoka India na China, na wanahistoria wanataja pia athari za utabibu wa Kigiriki. Kujifunza kwao hakutupunguzii kitu, mradi tuseme wazi kipi ni chao na kipi ni chetu. Mtori ubaki mtori wa Wachaga; tusiubandike jina la Lhasa kwa sababu tu unafanana na ushauri wao kwa mwenye upepo.

Nimesahau kutaja horme, vifurushi vya kitambaa vyenye kungumanga na kisibiti vinavyochovywa katika mafuta ya moto na kuwekwa juu ya sehemu maalumu za mwili. Wageni hupenda sana kusikia habari zake. Zisifanywe na mtu asiyefunzwa, kwa sababu mafuta ya moto huunguza.

Mwongozaji wa Mlima, Machame:

Nichangie juu ya matembezi, maana hapo ndipo kambi nyingi huharibu. Huwa wanawakimbiza watu. Kutoka lango la Marangu hadi Mandara, kambi ya kwanza ya wapanda mlima, yapata mita 2,700, ni mwendo wa kama saa tatu ndani ya msitu wenye miti iliyovaa kuvumwani inayoning'inia kama ndevu za mzee, na mbega wakiruka juu. Kwa kundi la mapumziko mimi ningechukua saa tano, na katikati ningeweka nusu saa ambayo hakuna anayezungumza, hata mimi. Mnaweza kushuka siku hiyohiyo. Kumbukeni kiingilio cha hifadhi na kuwa na mwongozaji mwenye leseni.

Msiwapeleke Horombo, kambi inayofuata, kwa jina la utulivu. Horombo iko mita 3,720, karibu sawa na Lhasa yenyewe, ambayo iko mita 3,650 hivi. Tofauti ni kwamba watu wa Lhasa wamezaliwa huko, na mgeni wako alikuwa kando ya bahari juzi. Epukeni masika, Machi hadi Mei, kwa sababu njia inateleza na mawingu hayaachii mlima. Mwisho wa Juni, au Septemba, asubuhi huwa safi sana.

Mwenye Nyumba wa Marangu:

Nawashukuru nyote, na shikamoo mzee wangu wa Kibosho. Nimeamua hivi. Kambi ya kwanza itakuwa ya siku nne, mwezi Septemba, na haitabeba neno Tibet katika jina lake. Watalala kwangu, watatembea hadi Mandara na kurudi kwa mwendo wa mwongozaji wetu, watakaa kimya asubuhi na jioni kwa dakika ishirini ishirini wakifuatilia pumzi, na kila mmoja atakuwa huru kusali kwa njia yake. Jioni moja nitamwalika mtu anayeifahamu Sowa Rigpa aeleze historia na mafundisho yake, bila kumpima wala kumtibu mtu; amchi wa kweli akipatikana na akasajiliwa, tutazungumza upya. Mtori utapikwa kila siku, na bibi wa jirani amekubali kuwatembeza wageni katika kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, na kuwatajia majina ya miti.

Dada muuguzi, naomba uniandikie maswali ya afya ambayo kila mgeni atayajibu kabla sijapokea malipo yake, hasa lile la selimundu na lile la dawa anazotumia. Kutoka hapa hadi hospitali za Moshi ni kama kilomita 40, na nimeshapanga na dereva mmoja alale hapa siku zote nne.