Kamera ya lenzi mbili inakata upeo wa ziwa, muuzaji anasema "360 zote ziko hivyo". SIYO KWELI

Wakuu salaam. Huu uzi una hasira, asiyetaka kelele apite tu.

Niko Kigoma mjini, napiga picha. Harusi, kipaimara, pasipoti. Siku hizi gesti na lodji za hapa na za Ujiji wanataka zile picha za duara zima, mteja akiwa Dar anazungusha kwa kidole kwenye simu anaona chumba chote, dari mpaka sakafu. Kwa ajili ya kazi hiyo nikanunua kamera ya 360, yaani ya lenzi mbili: moja inatazama mbele, nyingine nyuma, zinapiga kwa mpigo mmoja halafu programu inaziunga. Duka liko Dar. Jina silitaji, maana mods (wasimamizi wa jukwaa hili) wataufuta uzi kabla haujafika ukurasa wa pili. Pesa iliyotoka ni zaidi ya milioni, nikaambiwa "mpya kwenye boksi", ikapakiwa kwenye basi ikaja.

Picha hazikutani. Mstari wa dari unakuja vizuri, ukifika pale lenzi ya mbele inapopokezana na ya nyuma, unashuka ngazi. Meneja wa lodji moja aliniuliza kwa upole kabisa kama jengo lake limepata ufa. Nikawapigia dukani, nikaandika, nikapiga tena. Jibu ni lilelile: "Kaka, 360 zote ziko hivyo, mshono lazima uonekane. Usisimame karibu na kitu."

Hilo la "usisimame karibu" ndilo lililonifikisha hapa. Lina ukweli ndani yake, ndiyo maana wanafanikiwa kufukuzia watu nalo. Ngoja nilifumue.

Lenzi mbili haziwezi kukaa sehemu moja. Kwenye kamera yangu nimepima kwa rula, kutoka kioo hadi kioo ni kama sentimita 3. Kila lenzi inaona zaidi ya nusu duara, ndiyo maana kuna ukanda pembeni ambao zote mbili wanauona, na humo ndimo programu inamoshonea. Sasa kitu kilicho karibu, hizo lenzi mbili zinakiona kutoka sehemu mbili tofauti. Nyoosha kidole mbele ya pua, fumba jicho moja, badilisha, utaona kidole kinaruka. Wataalamu wanaita paralaksi. Hakuna programu inayolimaliza kabisa, zile nzuri zinavuta na kukunja picha kidogo pale kwenye mshono ili usione.

Lakini paralaksi ina hesabu yake, na muuzaji hataki kuifika. Picha yangu ikishaungwa ina upana wa pikseli (zile nukta zinazojenga picha) 5,760. Gawa kwa digrii 360, unapata pikseli 16 kwa kila digrii. Kitu kikiwa mita 1 kutoka kwenye kamera, zile sentimita 3 zinaleta tofauti ya digrii 1.7 hivi, sawa na pikseli 27. Hapo kitasa cha mlango kitakuwa viwili, nakubali, sina ugomvi. Kitu kikiwa mita 10, tofauti inabaki pikseli 3 hivi, huioni mpaka ukuze. Kikiwa mita 100 haipo. Kwa hiyo "usisimame karibu" ni ushauri wa vitu vya karibu. Je, kitu kikiwa mbali na bado kimekatika, tutamlaumu nani?

Na sisi watu wa Kigoma tuna kipimo ambacho Kariakoo hawana. Nilienda Kibirizi asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha usiku hewa ikawa safi. (Kiangazi usijisumbue, moshi wa mashamba unafunika kila kitu ng'ambo.) Nikaweka kamera kwenye stendi, wima kabisa, nikaigeuza ubavu wake, kule kwenye mshono, utazame ziwani. Hapakuwa na mtu wala mtumbwi karibu. Kilichobaki kwenye mshono ni mstari wa maji, na nyuma yake milima ya Kongo iliyo zaidi ya kilomita 40 kutoka nilipo. Kwa umbali huo paralaksi ya sentimita 3 ni sifuri, hata ukitafuta kwa darubini.

Upeo wa ziwa umekatika. Upande wa lenzi ya nyuma maji yako juu, upande wa lenzi ya mbele yako chini. Ziwa Tanganyika lina ngazi, wakuu. Nikamtumia muuzaji. Unajua alijibu nini? "Jaribu kurudi nyuma kidogo." Nirudi nyuma wapi, Kasulu?

Tena kuna jambo lingine ambalo peke yake lingetosha. Kamera ikiwa wima, zile lenzi mbili zimeachana kwa mlalo, moja mbele moja nyuma. Kwa hiyo paralaksi inaweza tu kusogeza vitu kwa mlalo: kitu kinajirudia mara mbili, au kinamezwa. Haina uwezo wa kukipandisha kitu juu au kukishusha. Ukiona upeo umepanda ngazi pale kwenye mshono, acha kabisa habari za umbali, lenzi haijakaa inapotakiwa.

Kabla sijaitwa mbishi, mambo ya kawaida nimeshayapitia. Kioo nimefuta kwa kitambaa laini. Uchafu unaleta ukungu na mwanga kuchuruzika, haukati mstari. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuiambia kamera kwamba umevaa vioo vya kukinga lenzi au uko ndani ya kasha la majini. Ikiachwa imewashwa wakati huna kitu, mshono unaharibika duara zima, na watu wengi wanateseka kwa hilo tu. Yangu imezimwa. Programu ya simu na ya ndani ya kamera zote ni za karibuni. Nimebonyeza hata ile kalibresheni (kurekebisha vipimo) ya mshono iliyomo kwenye simu, haikubadilisha lolote.

Halafu kuna "fundi wao" aliyeniambia tatizo ni jairo, kile kifaa cha ndani kinachojua kamera imeinama vipi. Huyo ndiye alinimaliza nguvu. Jairo ikidanganya, picha nzima inainama pamoja. Upeo unakuwa wimbi, unapanda upande mmoja unashuka mwingine, lakini ni wimbi MOJA lisilokatika. Wangu umekatika ghafla, tena kwenye mishono miwili tu. Mtu anayelipwa kutengeneza hizi kamera hajui tofauti hiyo?

Na rangi ya anga kutofautiana, hilo ni jambo jingine. Jioni hapa jua linazama upande wa Kongo, lenzi moja inalipokea usoni na nyingine ina kivuli, anga linatoka nusu jeupe nusu bluu. Huo ni mwanga. Sijalalamikia hilo popote, ila kila nikilalamika ngazi wananijibu rangi.

Sasa utapeli wenyewe. Waliniomba ushahidi: "Tuma picha WhatsApp tuone." Nikatuma. Wakajibu: "Mbona hapa iko sawa, tatizo halionekani." Jamani! WhatsApp inaiminya picha mpaka inabaki kivuli chake, na inatupa zile taarifa za kamera zilizofichwa ndani ya faili. Ukikaguliwa kwa picha ya namna hiyo, umeshindwa kabla hujaanza. Kitu cha kutuma ni faili mama, lile lenye duara mbili ambazo hazijaungwa, kwa njia ya dokumenti au kwenye memori kadi. Humo ndani kiwanda kinaandika namba za kila kamera: lenzi hii kitovu chake kiko wapi, imeelekea wapi, imezunguka kiasi gani. Programu inasoma namba hizo ndipo inaunga. Nilipowaambia nawatumia faili mama, simu ikaanza kutopokelewa.

Basi nikaifanya kazi yao. Nikachukua faili mama la kule Kibirizi, nikatenganisha zile duara mbili, nikaziingiza kwenye Hugin. Ni programu ya kompyuta ya kuunga picha, haina malipo, na inaelewa lenzi za duara. (Ya kulipia iko PTGui, ni nyepesi zaidi kutumia.) Unaionyesha alama zinazofanana kwenye ukanda wa pande zote mbili, ncha ya mlima hapa, ncha ileile kule, inapiga hesabu lenzi ya pili imekaaje ukilinganisha na ya kwanza. Chagua alama za mbali tu, za karibu zitakudanganya kwa paralaksi.

Jibu: lenzi ya nyuma imezunguka kwenye mhimili wake digrii moja na nusu. Rudi kwenye pikseli 16 kwa digrii, ni pikseli 24. Ngazi yangu kwenye mshono ndiyo hiyo hiyo. Na inakubaliana na kitu nilichokuwa nimekiona kwa macho: kwenye mshono wa kulia upande wa nyuma uko juu, kwenye mshono wa kushoto upande huohuo wa nyuma uko chini. Lenzi iliyozunguka lazima ifanye hivyo, juu upande mmoja, chini mwingine. Ingekuwa kitovu kimehama kwenda juu au chini, mishono yote miwili ingepanda au kushuka pamoja. Ingekuwa imegeuka kushoto au kulia, upande mmoja vitu vingejirudia na mwingine vingemezwa.

Kamera mpya inatokaje kiwandani na lenzi iliyozunguka digrii moja na nusu, na namba za ndani hazijui? Nimekagua bodi. Skrubu mbili upande wa nyuma zina mikwaruzo ya bisibisi, na pembezoni mwa kioo cha nyuma kuna gundi isiyofanana na ya mbele. Mimi si mahakama. Lakini lenzi ikibadilishwa bila kuandikwa namba upya, matokeo yake ndiyo haya haya, na hakuna kitufe kwenye simu ya mteja kitakachoiponya. Nimewauliza swali moja tu: hii kamera imewahi kufunguliwa? Hawajalijibu. Wamejibu kwamba waranti haihusu "matumizi mabaya".

Risiti ya EFD ninayo, mazungumzo yote ninayo. Bidhaa iliyouzwa kama mpya ilhali imefunguliwa ni kumdanganya mlaji, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inalikataza hilo. Malalamiko naandika kwenda Tume ya Ushindani wiki hii.

NYONGEZA, baada ya kusoma maoni yenu:

Mdau aliyesema "si utumie hiyo Hugin maisha yaendelee": kwa picha za mnato naitumia, nimehifadhi vipimo, kila picha mpya inapita humohumo inatoka safi. Kazi ya lodji imekwisha hivyo. Ila Hugin ni ya picha za mnato, siyo ya video, na video ndiyo wenye boti za kupeleka wageni Gombe wanayoitaka. Halafu kwa nini nilipe bei ya kamera nzima nipewe kazi ya kiwanda?

Aliyesema nimevutana sana na jambo dogo, pikseli 24 tu: fungua picha ya kitanda kwenye simu, vuta karibu, ukingo wa godoro umevunjika. Mteja anayetafuta chumba hajui pikseli, anajua kitanda kibovu.

Anayetaka kununua mtumba kutoka kwa jamaa wa Tabora: usikubali kuijaribu ndani ya duka, ndani ya duka kila kosa litaitwa ukaribu. Toka nje, iweke wima, ubavu wake utazame kitu cha mbali chenye mstari wa kulala, paa la shule au nyaya za umeme zinazovuka uwanja, mita 100 kwenda mbele. Piga, geuza ubavu wa pili utazame hapohapo, piga tena. Kuza kwenye mshono. Akikuharakisha, rudisha pesa mfukoni.

Na mwenye kumjua fundi, Dar au Mwanza, anayeweza kuandika upya namba za kalibresheni, siyo wa kubadilisha kioo tu, aandike hapahapa kila mtu aone. Wale mlioanza kunifuata inbox na "ninayo nyingine kali zaidi ya hiyo", nimeshawablock.