Mjadala: Kijana hujifunza kujiongoza kwa kuhamasishwa au kwa kukabidhiwa dhamana?

Wadau, salaam kwenu.

Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana linagusa watu wengi. Kwenye mahafali, redioni asubuhi, kwenye semina za vijana kanisani na msikitini, kijana wa Tanzania anaambiwa maneno yale yale: jiongoze, acha kulalamika, maisha yako yamo mikononi mwako. Upande wa pili wanajibu kwamba hizo ni porojo za walioshiba. Ajira hakuna, mtaji hakuna, halafu asiye na kitu anaambiwa lawama zote ni zake.

Nimezisikiliza pande zote mbili na naona jambo lenyewe linawapita. Msimamo wangu ni huu: mtu hajifunzi kujiongoza kwa kuambiwa ajiongoze. Anajifunza pale anapoaminiwa akakabidhiwa kitu cha kweli, kitu ambacho kikiharibika ataumia yeye, na ataumia pia mtu anayemjua kwa sura.

Nianze na John Stephen Akhwari, mwanariadha wa Tanzania, kwa sababu anatajwa sana kwenye semina hizi na nadhani hatendewi haki. Ni Oktoba 20, 1968, marathoni ya Olimpiki, Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Kijana wa Mbulu yuko katikati ya kundi. Karibu na kilomita ya 19 wanariadha wanagongana wakigombea nafasi, Akhwari anaanguka, goti linateguka na bega linajigonga kwenye lami. Mamo Wolde wa Ethiopia akashinda kwa saa 2 na dakika 20. Zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeingia na watazamaji wamebaki wachache, Akhwari akaingia uwanjani mguu umefungwa bandeji, anachechemea, anakimbia kidogo, anatembea, anakimbia tena. Alitumia saa 3 na dakika 25, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Wengine zaidi ya 15 walishaacha njiani. Alipoulizwa kwa nini hakuacha na yeye, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma kwenda kuzimaliza.

Wahamasishaji huchukua jibu hilo wakaligeuza somo la kutokata tamaa na ndoto zako. Lisomeni tena jamani. Mtu yule, na maumivu yale, hakutaja ndoto yake wala jina lake. Alitaja waliomtuma. Nchi haikuwa hata imetimiza miaka saba tangu uhuru, fedha ya kupeleka wanariadha ng'ambo haikuwa ya kuchezea, na yeye alijua ametoka kwa nani na atarudi kwa nani. Ukiiondoa sehemu hiyo ya kutumwa, unabaki na ushujaa usio na mizizi, na huwezi kumfundisha mtoto jinsi ya kuupata.

Sasa turudi vijiweni kwetu. Kuna madereva wa bodaboda wa aina mbili. Wa kwanza anaendesha kwa hesabu: kila jioni anampelekea tajiri elfu saba au elfu kumi yake, na pikipiki ni ya tajiri milele. Wa pili ana mkataba: anapeleka hesabu vilevile, pengine kubwa zaidi, lakini baada ya mwaka au mwaka na nusu kadi ya umiliki inahamia jina lake. Mkae nao siku moja. Huyu wa mkataba anabadilisha oili kabla haijawa nyeusi, anakaza cheni asubuhi, hapakii mshikaki (abiria zaidi ya mmoja), na akiumwa hampi chombo deiwaka (dereva wa kushikiza) yeyote aliyepita. Huyu wa hesabu, wengi wao, kikilia chombo anaongeza sauti ya redio. Hawakuzaliwa na tabia mbili tofauti. Wapo waliokuwa kwenye hesabu, wakapata mkataba, na ndani ya miezi michache hata namna yao ya kukata kona imebadilika. Mtasema anafuata kadi tu. Sawa, kadi inamvuta. Lakini kabla ya kadi kuna tajiri aliyeamua kumwamini na chombo cha mamilioni, na kila kijana wa mkataba niliyemsikia anaanza simulizi lake kwa kumtaja huyo mtu.

Halafu kuna vicoba, vikundi vya mtaani vya kuweka akiba na kukopeshana. Watu kama 30, wamejigawa watano watano wanaodhaminiana. Kila wiki wananunua hisa, wanachangia mfuko wa jamii, aliyechelewa analipa faini hapo hapo. Sanduku lina kufuli tatu na funguo wanazo watu watatu tofauti, kwa hiyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Mkopo unatolewa mbele ya wote, na unarejeshwa mbele ya wote, noti zinahesabiwa kwa sauti. Mama lishe aliyekopa laki tatu anajua kabisa kuwa ndani ya hela hiyo kuna hisa za jirani yake anayemsomesha mtoto. Wiki akikwama anakuja mwenyewe kueleza. Kukimbia kikao ni aibu ambayo mtaani haifutiki upesi.

Linganisheni na mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Sheria ilirekebishwa mwaka 2018: kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Wazo zuri, na lipo kundi kubwa lililonufaika kweli. Lakini taarifa za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) zilirudia mwaka hadi mwaka kueleza fedha zisizorejeshwa na vikundi ambavyo ukivifuata havipo, hadi serikali ikasitisha utoaji kwa muda mwaka 2023 ili kutengeneza utaratibu mwingine. Wengi walihitimisha haraka: vijana wa Kitanzania hawana uaminifu. Mimi nakataa hitimisho hilo. Mtaa ule ule, kabila lile lile, mara nyingine mtu yule yule, kwenye kicoba analipa na kwenye halmashauri halipi. Kikundi kilichoundwa wiki mbili kabla ya mkopo, watu wanaokutana siku ya kusaini tu, fedha "ya serikali" ambayo hakuna anayemwona mwenyewe, na ofisi inayomkumbuka mkopaji siku mkaguzi amekuja. Hapo nani amekabidhiwa nini? Hela imegawiwa. Dhamana haikukabidhiwa mtu.

Najua hoja itakayokuja, na ni nzito. Mtu atasema: wapo waliokabidhiwa wakaharibu. Mdogo wako katumiwa ada, kala. Binamu kawekwa dukani, duka limekufa. Ni kweli, na anayefanya hivyo ana kosa lake, simtetei. Kukabidhiwa hakumwokoi kila mtu. Ila angalieni mara nyingi tunavyokabidhi sisi wenyewe: tunampa mtu mtaji mzima asiyewahi kushika hata mauzo ya siku moja, hatukai naye kufunga hesabu jioni, halafu baada ya miezi sita tunakuja kama polisi. Wahindi na Wachaga wa madukani ambao tunawasema kila siku huwa wanaanza na kijana kwenye kupanga bidhaa, kisha stoo, kisha kaunta, na daftari linaangaliwa kila jioni kwa miaka. Hilo la kukaa na mtu jioni ndilo wengi hatuna subira nalo.

Hoja ya pili naipenda zaidi: usisubiri kukabidhiwa, jikabidhi mwenyewe. Nakubali nusu. Lakini nendeni vyuoni mkaone nani hasa anaambiwa maneno hayo. Boom (fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo) likiingia, mwanafunzi mmoja analigawa: hii ya chakula, hii ya stationeri, na elfu hamsini inakwenda kwa M-Pesa nyumbani kwa sababu mdogo wake yuko kidato cha tatu na mama hana. Analala na uji. Akianza kazi, Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wake, na nyumbani bado wanamtazama. Huyu anajiongoza tangu ana miaka 19, na anawaongoza na wengine. Ukumbini anapoambiwa na mtu mwenye maikrofoni kwamba tatizo lake ni fikra, naumia kwa niaba yake. Anachohitaji yeye ni mtu wa kushika upande mmoja wa mzigo, na hilo kalifanya huyo huyo kwa mdogo wake bila semina.

Na msukumo je, kijana autafute wapi? Nasema autafute kwa watu walioumia kwa sababu ya dhamana yao. Katikati ya miaka ya 1970 Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Watuhumiwa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Mwanza na Shinyanga. Yeye hakuagiza, hakuwepo. Akajiuzulu, kwa sababu wizara ilikuwa imewekwa mikononi mwake. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, 1985 Rais wa Muungano, lakini siku anaandika barua ile hakuwa na namna ya kujua kwamba milango itafunguka tena. Ningependa watoto wa shule waijue habari hiyo kabla hawajajua majina ya mabilionea wa Marekani. Na ningependa wakubwa wa leo wanaopanda majukwaani kuwaambia vijana wawajibike waanze kwa kutuonyesha walipowajibika wao.

Nikisema shule nakumbuka monita. Kwa miaka mingi uongozi wa kwanza tunaompa mtoto ni karatasi ya kuandika wapiga kelele. Anajifunza kuwachunguza wenzake na kuogopwa. Hajakabidhiwa kitu. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe na shamba au karakana, wanafunzi wapange na waone matokeo ya maamuzi yao. Mahali pengi ikageuka vibarua vya kulima kwa walimu, na wazazi wakaichukia kwa haki. Lakini lile la wanafunzi kushika mradi wao na kuamua lilikuwa sahihi. Mpeni darasa la sita kuku 20 na daftari, na mahesabu wayasome wenyewe mbele ya wazazi kila muhula.

Kwa mikopo ya halmashauri, pendekezo langu ni moja: kikundi kisichokuwa kimeweka akiba yake chenyewe na kukopeshana kwa mwaka mzima kisipewe hela ya halmashauri, na marejesho yakusanywe mtaani, kwenye kikao cha wazi, si ofisini. Najua litawaacha nje wengine wenye shida ya haraka, na hapo ndipo nataka mnibishie.

Walioko kwenye vikundi vilivyorejesha mkopo wote, tuambieni mlikuwa mnajuana kabla au mlikutana kwa ajili ya fomu? Madereva wa mkataba, ni kweli au nawasifia kupita kiasi? Na nyie wahamasishaji mlio humu, karibuni mtetee kazi yenu. Nitasoma kila jibu.